Mbili: Risala kuhusu Filimbi ya Bloku 14

RISALA YA WAKAZI NA WAFANYAKAZI WA KAMBI YA NNE, SHAMBA LA CHAI LA CHEMAITET, KWA MKURUGENZI WA WAFANYAKAZI, BWANA JOHANA NYAGAKA, SIKU YA KUFUNGULIWA KITUO CHA KULELEA WATOTO

Mgeni rasmi, Bwana Johana Nyagaka. Meneja wa shamba. Viongozi wa chama cha wafanyakazi. Wazazi wenzetu na watoto wetu: Chamgei, hamjambo nyote.

Makaribisho

Mgeni rasmi, karibu Kambi ya Nne. Kamati yetu ilibishana kwa Jumapili mbili kuhusu neno hilo "mgeni." Mwenyekiti wetu, Mzee Eliakim, alisema, "Huyu alizaliwa nyumba namba kumi na moja. Nimemwona akikimbia uchi kwenye mvua ya mawe. Mgeni atakuwaje?" Kipkirui, ambaye ni nyapara wetu na mweka nidhamu wa kamati, akamjibu, "Mzee, yeyote anayefika hapa na gari lisilo na matope ni mgeni." Tukapiga kura. Umepita kuwa mgeni kwa kura nne dhidi ya tatu. Tunakupongeza.

Tunaomba radhi kwamba chai ya wageni itakuja baada ya risala, si kabla kama ilivyo desturi. Risala hii inachukua dakika ishirini na tatu. Katibu ameisoma mara tatu jikoni kwake kwa kutumia saa ya simu, na mara zote tatu ilikuwa ishirini na tatu. Tumeanza saa tisa na dakika arobaini na sita. Sababu utaiona mwishoni.

Jambo la pili. Kama unavyojua, baadhi yetu tuna kesi na kampuni kuhusu ubaguzi kazini, na itasikilizwa Jumatatu. Wakili wetu ametushauri tusizungumzie kesi mbele yako, na tusimtaje kwa jina msimamizi mkuu wa zamani, yule aliyetoka ng'ambo. Tumemsikiliza. Hatutazungumzia kesi. Tutazungumzia filimbi, na huyo msimamizi tutamwita Mwenye Filimbi, jina ambalo tumemwita siku zote.

Historia yetu

Kambi ya Nne ina nyumba sitini na mbili. Babu zetu wengine walitoka kando ya ziwa, wengine milima ya Kisii, na majirani zetu wengi ni wenyeji wa hapa hapa, Wakipsigis. Tumechuna pamoja, tumeoana, tumezikana. Sisi tuliotoka kwingine tumefika kizazi cha tatu, na bado kuna wanaotuita watu wa kuja. Hilo tulilizoea. Mtu huzoea mvua pia.

Mwaka wa 1994 akaja Mwenye Filimbi. Asubuhi yake ya kwanza, karani alikuwa akiita majina kama kawaida. Alipofika kwa Bochaberi, ambaye leo ni mwalimu wa watoto wetu, Mwenye Filimbi akamshika karani mkono. Akasema, kwa Kiswahili chake cha kujifunza, "Nyinyi wote mnafanana. Jina ni la nini?" Watu wakacheka, kwa sababu walidhani ni mzaha.

Siku iliyofuata alikuja na filimbi ya shaba yenye kamba nyeusi. Alituambia utaratibu mpya. Filimbi moja ni kwa wenyeji. Filimbi mbili ni kwa wengine wote. Kila siku, baada ya majani kupimwa, saa kumi na dakika kumi, alisimama juu ya lile jiwe jeupe chini kabisa ya Bloku 14 na kupuliza. Zikilia mbili, sisi wa mbili tulisimama wote, tukaacha vikapu, tukashuka kwenye mistari ya chai kumwendea; aliyechelewa aliandikwa, akakatwa mshahara. Hakuna aliyejua anatakiwa nani. Tulisimama mbele yake mpaka anyooshe kidole. Yule mmoja alibaki, wengine tukarudi. Aliyebaki alitukanwa, au alisimamishwa kazi, au aliulizwa kwa nini ngozi yake haishiki sabuni. Siku nyingine hakunyoosha kidole kwa yeyote. Alitutazama tu, kisha akageuka akaenda zake.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa miaka ishirini na minne.

Mgeni rasmi, neno "mbili" likawa jina letu. Palikuwa na nyumba za mbili, zile za chini karibu na mto. Palikuwa na vyoo vya mbili. Hakuna mbili aliyewahi kuwa nyapara. Watoto walitaniana uwanjani: "Wewe ni mbili!" "Mimi moja, mbili ni mama yako!" Na Mwenye Filimbi alikuwa na mbwa wawili, Bella na Kapteni. Hao aliwaita kwa majina yao, kwa mdomo wake, na kwa sauti ya upole.

Kati ya mwaka wa 1996 na 1998 ulikuwa karani wa mizani katika banda la tatu, kabla hujaenda chuoni. Mzee Eliakim anakumbuka ukikimbia mistarini zikilia mbili, kalamu ikiwa sikioni, kwa sababu hukupata muda wa kuishusha. Tunalitaja hilo kwa heshima. Ulikuwa kijana mwepesi wa miguu.

Mafanikio yetu

Mwenye Filimbi aliondoka Machi 2018. Tangu hapo tumepata mengi mema, na si vizuri kulalamika bila kushukuru.

Tumepata umeme katika nyumba zote sitini na mbili. Vyoo vya chini vimebomolewa. Tumepata nyapara wawili kutoka kwa watu wa mbili, mmoja wao mwanamke. Timu yetu ya voliboli iliwafunga Roret kwao nyumbani, mbele ya mashabiki wao, na hawajatusamehe. Leo tumepata kituo hiki cha kulelea watoto, chenye sakafu ya vigae na maji ya bomba. Asante kwa kampuni. Asante kwako.

Mafanikio mengine ni kwamba mwaka wa 2021 tulijifunza njia ya kwenda mahakamani. Tulianza watu thelathini na saba, wote wa mbili. Siku ya kutia sahihi, hapo kwenye banda la kupimia, Kipkirui aliingia akasimama kwenye foleni. Phelix, dereva wetu wa mashine ya kuchuna, akamwuliza, "Wewe ni moja. Unatafuta nini huku?"

"Natafuta kalamu," Kipkirui akasema.

"Kaa kwenu, bwana. Hii ni shida ya mbili."

"Hata moja ni filimbi," Kipkirui akamjibu. "Mbwa alikuwa na jina."

Akatia sahihi. Akawa wa thelathini na nane. Leo tumebaki ishirini na mmoja. Wengine mashine zimechukua kazi zao wakarudi makwao, wengine wamefariki. Lakini hayo yako karibu sana na kesi, na tuliahidi wakili.

Changamoto

Hapa tunaomba utusikilize bila kutazama saa. Saa tunaitazama sisi.

Mwezi wa Aprili 2020 kampuni ilibandika tangazo ubaoni kwamba Mwenye Filimbi amefariki kwao ng'ambo. Tuliombwa tusimame dakika moja kumkumbuka. Tulisimama. Kisha saa kumi na dakika kumi, siku hiyo hiyo, filimbi ikalia mara mbili kutoka Bloku 14, na tukasimama tena.

Haijaacha tangu siku hiyo. Hailii kila siku. Hulia zaidi siku ambazo ukungu umeshuka mapema na mvua ya mawe haijaanza, kama leo. Haina haraka. Inalia ya kwanza, inanyamaza kiasi cha mtu kugeuza shingo, kisha inalia ya pili.

Tunakupa mifano michache, na waliopatwa wako hapa, unaweza kuwauliza.

Phelix alikuwa juu ya mashine, injini ikinguruma, masikio yamefunikwa na vile vizibo vikubwa mnavyotupa. Anasema aliisikia juu ya ngurumo yote. Alichokumbuka baadaye ni kwamba alikuwa amesimama chini ya bloku, mita mia tatu kutoka kwa mashine, mbele ya jiwe jeupe, mikono imewekwa nyuma. Mashine ilikuwa imezimwa na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Phelix ana miaka ishirini na sita. Aliajiriwa mwaka wa 2021. Mwenye Filimbi hakuwahi kumwona wala kumpulizia.

Kuna njia. Inaanza nyuma ya nyumba zetu, inapita katikati ya chai na kuishia kwenye jiwe. Bloku 14 huchunwa na mashine tu sasa, na mashine huingia kwa barabara ya juu. Hakuna mtu aliyepangiwa kuchuna huko kwa mkono kwa miaka mitano. Lakini njia hiyo haijaota nyasi. Udongo wake ni mgumu na umesuguliwa kama wa njia ya kisimani. Tumeitengeneza sisi kwa miguu yetu, mgeni rasmi, na hatukumbuki.

Na kuna watoto. Kabla ya kituo hiki, watoto walilelewa katika banda la zamani la mbolea. Mwaka jana mwalimu wao, Bochaberi, alikuja kwa kamati akiwa na karatasi. Aliandika kwamba saa kumi na dakika kumi watoto kumi na mmoja walisimama kwa pamoja, wakaacha kalamu za rangi chini, wakaelekea mlangoni. Wengine kumi na wanne walibaki wakichora. Mwalimu aliwaandika majina wale waliosimama. Tuliisoma orodha hiyo mara mbili. Wote kumi na mmoja walikuwa watoto wa mbili, na wale kumi na wanne wote wa moja. Hakuna mtu aliyewahi kuwagawa watoto hao. Wanakula sahani moja, na wadogo bado hawajui kabila ni kitu gani.

Mmoja wa wale kumi na mmoja ni Molly, mwenye miaka sita, mtoto wa katibu anayesoma risala hii. Nilimwuliza nyumbani, nikimwosha miguu.

"Ulikuwa unaenda wapi?"

"Ameniita."

"Nani amekuita? Amesema Molly?"

"Hajui Molly," akasema. "Anajua mimi ni mbili."

Katika nyumba yangu hatujawahi kulitumia neno hilo. Sijui mtoto alilitoa wapi. Narudi kusema kwa niaba ya kundi.

Tuliripoti kwa ofisi. Ofisi ilitupeleka wote kupimwa masikio. Vyeti vilirudi, na masikio yetu ni mazima. Mwaka wa 2023 ofisi ikasema ni ndege, ikakata miti yote ya kando ya mto, mikaratusi na ile ya asili, ili ndege wahame. Wakahama kweli. Siku hizi asubuhi hakuna ndege hata mmoja anayelia upande huo. Filimbi ndiyo peke yake iliyobaki.

Kuhusu ndege

Tunaingia kidogo kwenye karatasi za mahakama, na wakili atusamehe, kwa sababu karatasi hizo ziko wazi kwa mtu yeyote.

Hati ya kiapo ya kampuni ina aya kumi na nne. Aya ya sita inasema: hakukuwa na filimbi yoyote iliyotumiwa kuwaita wafanyakazi katika shamba hili wakati wowote. Aya ya kumi na moja inasema: sauti inayodaiwa kusikika ni ya ndege wa eneo hili ambaye ana tabia ya kuiga sauti anazozisikia.

Sisi hatukusoma sheria. Lakini tulikaa na aya hizo mbili mezani, tukaziweka sambamba, na Mzee Eliakim akauliza swali ambalo tunakuletea kama lilivyo: "Huyo ndege, aliiga nini?"

Chini ya hati hiyo kuna sahihi. Ni yako, mgeni rasmi.

Tunajua hati za namna hiyo zinavyoandikwa. Mawakili huandika, mtu huletewa kalamu akiwa na mkutano mwingine saa hiyo hiyo. Hatusemi ulidanganya. Tunasema ulitia sahihi. Aya ya kumi na moja tunaweza kuishi nayo, kwa sababu hata sisi hatujui ni nini kinacholia. Aya ya sita hatuwezi. Wewe ulikuwa hapa. Kalamu ilikuwa sikioni.

Kuhusu marehemu mama

Sehemu hii kamati iligawanyika zaidi ya sehemu nyingine zote. Wengine walisema ni ukatili kuisema mbele ya watu. Wengine walisema ukatili mkubwa ni ule tuliokwisha kuufanya.

Marehemu mama yako, Mama Janefer Nyakerario, alichuna chai hapa miaka thelathini na moja. Alipougua mwaka juzi alikataa kuhamishwa mjini. Alisema anataka kusikia watu anaowajua. Alifia zahanati yetu, na tulikuambia kwenye simu kwamba alilala tu, kama mtoto. Uliyasema hayo hayo mazishini huko Kisii, na watu wakasema Mungu amemrehemu.

Mgeni rasmi, hatukukuambia ukweli. Tulidhani tunakupunguzia mzigo. Tunakuomba msamaha mbele ya mashahidi hawa, na tunakupa maneno ya muuguzi Chepkemboi, aliyekuwa naye, kama alivyoyaandika mwenyewe:

"Mama hakuwa ameinua kichwa kwa siku kumi na mbili. Nilikuwa nabadilisha dripu. Filimbi ikalia, mimi sikuisikia, mimi ni moja, lakini niliona uso wake ukigeuka dirishani. Akaketi. Nikasema, Mama, lala, unaenda wapi? Akashusha miguu sakafuni akaanza kutafuta viatu kwa vidole vya miguu, hivi, bila kutazama chini. Akasema, Nakuja, bwana. Nikamshika mabega. Alikuwa na nguvu kuliko mimi. Akasema tena, Nakuja, usiandike. Kisha akaacha kunisukuma. Alikuwa ameketi bado."

Ndivyo alivyokufa Mama Janefer, akitafuta viatu ili aitikie filimbi ambayo, kwa mujibu wa aya ya sita, haikuwahi kuwapo.

Katibu alikuwa wa kwanza kufika baada ya Chepkemboi kuita. Tulimlaza, tukamvika viatu vyake. Hatukujua la kufanya lingine.

Maombi yetu

Tuna maombi matatu. Tumeyapanga kuanzia jepesi.

Ombi la kwanza ni komeo. Mlango wa kituo hiki kipya unatazama Bloku 14, na kitasa chake kimewekwa kimo cha mtoto, tunadhani ili watoto wajifunze kujitegemea. Tunaomba komeo lingine juu, kimo cha mtu mzima. Fundi yupo, mbao zipo. Tunaomba liwekwe kabla ya Jumatatu, siku ya kwanza ya watoto kuingia. Kama kampuni ina mpango wa kuugeuza mlango kabisa utazame barabara, tutafurahi zaidi, lakini komeo lisisubiri mpango.

Ombi la pili ni majina. Siku hizi ofisi haituiti kwa filimbi wala kwa majina. Tunaweka kidole kwenye mashine, inawaka kijani, tunaingia kazini. Mashine haina ubaya. Lakini tunaomba kila asubuhi karani asome majina yote kwa mdomo, kila jina kamili, Amondi, Osoro, Chepkemboi, na kila mtu ajibu. Itachukua dakika tisa, tumepima. Hatuwezi kukuthibitishia kwamba kitu hicho kilichoko kule chini kitanyamaza watu wakianza kuitwa kwa majina. Ni wazo la Mwalimu Bochaberi. Alilijaribu kule kwenye banda la mbolea: karibu na saa kumi na dakika kumi alianza kuwaita watoto majina yao, mmoja mmoja, bila kupumzika. Siku hiyo walisimama wanne tu. Siku ya pili wawili. Siku ya tatu ofisi ilimkataza, kwamba anawatia watoto hofu.

Ombi la tatu ni aya ya sita. Hatukuombi useme tulidhulumiwa; hiyo ni kazi ya jaji. Hatukuombi useme kampuni ni mbaya, wala kwamba wafu wanapuliza filimbi. Tunaomba jambo dogo ambalo ni wewe peke yako unayeweza kulifanya: kabla ya Jumatatu saa tatu asubuhi, uirekebishe hati yako na useme kwamba filimbi ilikuwapo. Bila hilo, neno letu sisi ishirini na mmoja litapimwa dhidi ya kiapo cha mtu aliyezaliwa hapa, na jaji yeyote atasema, kama ingekuwapo, huyu angejua. Kesi ikianguka, tutabaki na kitu kinachoendelea kutuita na karatasi ya serikali inayosema hatuitwi na kitu. Wakubwa tutavumilia. Watoto kumi na mmoja ndio watakaokua nayo.

Hitimisho

Mgeni rasmi, utakuwa umeona kiti chako kimetazama Bloku 14, si watu, kama inavyotakiwa kwenye sherehe. Fundi wa viti hakukosea.

Ikilia mara mbili, baadhi yetu tutasimama. Usidhani ni utovu wa adabu, wala mgomo. Hatuwezi kujizuia. Watoto wa mbili wameshikwa mikono na wazazi wa moja, hilo limepangwa tangu jana, na waliowashika wamekubali kwa moyo. Kipkirui amesimama nyuma ya kiti chako. Hakusimama hapo kwa nia mbaya. Hiyo ndiyo kazi yake ya saa kumi na dakika kumi kwa miaka yote hii: kutushika, tusifike mbali. Alimshika Phelix mara mbili. Mimi amenishika mara nyingi kuliko ninavyotaka kusema. Husema, "Mama Molly, rudi, chai haijachemka," kana kwamba nilikuwa natoka tu kuchuma mboga.

Hatutakuuliza umesikia nini. Mtu anaweza kusema lolote kuhusu masikio yake. Tutatazama miguu yako.

Ukibaki umeketi, tutaamini kwamba uliondoka hapa mzima, na tutafurahi kwa ajili yako, kweli. Utakunywa chai, utakata utepe, tutakuaga kwa wimbo ambao kina mama wameufanyia mazoezi wiki mbili, na Jumatatu tutakwenda mahakamani bila wewe. Ukisimama, usiogope. Usimwitikie. Kipkirui atakuita jina lako lote, Johana Nyagaka wa Janefer Nyakerario, na sote tutalirudia mpaka uketi. Kisha kalamu iko mezani, karibu na maua.

Mungu, ambaye tumefundishwa kwamba akimtaka mtu humwita kwa jina, akulinde wewe na nyumba yako, ampumzishe mama yako ambaye amekwisha kufika na hahitaji tena kuitikia mtu, na awaweke watoto wa kituo hiki ndani ya mlango wao.

Ni sisi, watu wako,

WAKAZI NA WAFANYAKAZI WA KAMBI YA NNE, SHAMBA LA CHAI LA CHEMAITET

Imesomwa na Dorcus Amondi, Katibu, ikamalizika saa kumi na dakika tisa.